Gavana hajashuka, na mbunge wa Arusha hajapanda

Wiki hii nimerudishiwa tena rasimu ya wasifu wa mwanasiasa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mhariri ameandika: "Eleza kwa nini alishuka kutoka uwaziri hadi kaunti." Nimechoka na swali hili. Kazi yangu ni kuandaa wasifu wa wanasiasa wa Kenya, na hakuna kinachoniharibia kazi kama imani ya ngazi: kaunti chini, taifa katikati, Afrika Mashariki juu.

Mchukue Amason Kingi. Aliingia bungeni kwa kiti cha Magarini katika uchaguzi wa 2007, mwaka uliofuata akawa waziri wa masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha wa uvuvi. Kuanzia 2013 hadi 2022 alikuwa gavana wa Kilifi, na sasa ni Spika wa Seneti. Alishuka wapi hapo? Waziri huteuliwa na Rais, na Rais huyo huyo anaweza kumfuta kazi wakati wowote. Gavana ana kura za wananchi mkononi, ana bajeti, na katiba inazihakikishia kaunti zote 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mtu akiacha cha kwanza akagombee cha pili, hesabu yake naielewa kabisa.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni Arusha, yaliko makao ya Bunge la Afrika Mashariki. Watu huandika "alichaguliwa na Wakenya kwenda Bunge la Afrika Mashariki". Hapana! Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya inasema Bunge la kila nchi mwanachama huchagua wabunge tisa, na si miongoni mwa wabunge wake. Mbunge wa Arusha hana jimbo. Hana mpiga kura wa kumsimamisha sokoni amuulize kuhusu barabara. Wapiga kura wake ni wabunge wa Kenya walioko Nairobi, na majina wanayopigia kura yametoka kwa vyama.

Na neno "huchagua" lina kesi yake. Mwaka 2006 majina tisa ya Kenya yalipitia vyama na kamati ya Bunge, yakapelekwa Arusha bila kura kupigwa. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Novemba mwaka huo mahakama ikazuia tisa hao wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanyika hakikuwa uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50. Marais wa nchi wanachama hawakungoja hata hukumu. Desemba 2006 walikwisha kuubadilisha Mkataba, wakaigawa mahakama kuwa vitengo viwili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Hilo halijaacha kuniuma.

Nyong'o mwenyewe baadaye akawa waziri wa huduma za matibabu, seneta, kisha gavana wa Kisumu kuanzia 2017. Katika kiti cha Arusha hakukaa, lakini alama aliyoiacha kwenye sheria ya kanda ni kubwa kuliko ya wengi waliokaa. Kwenye ngazi ile utamweka kidato gani?

Nakiri wenye imani hii wana kitu. Wapo wanaokwenda Arusha baada ya kushindwa kwenye kura nyumbani, na vyama hugawana viti hivyo kama fidia. Nina shaka pia kama mtu aliyechaguliwa na wanasiasa wenzake anaweza kuwajibika kwa mwananchi wa kawaida, hata Ibara ya 50 ikifuatwa herufi kwa herufi. Lakini hiyo ni hoja kuhusu nani anamchagua na nani anaweza kumwondoa. Haihusiani na juu wala chini.

Rasimu nimeirudisha kwa mhariri. Pale alipotaka "alishuka", nimeandika: "2013: achaguliwa gavana." Chini yake nimeongeza idadi ya kura.