Ufagio wa Mwanza na majina ya wapagazi

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa ya Tanzania, inapokaribia kuna swali narudishiwa: kwa nini sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, ukumbusho wa Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, haina jina la mtu hata mmoja? Mimi kazi yangu ni kupekua madaftari ya waliokufa vitani, kwa hiyo watu hudhani nitajibu kwamba karatasi zilipotea. Ziko zilizopotea, lakini hicho si kiini. Majina hudumu yakiwa na mtu wa kuyadai, na mdai mkubwa wa majina ya vita duniani kote amekuwa chama cha askari wastaafu.

Tuanze na sanamu yenyewe. Ilisimamishwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, kabla Waingereza hawajaing'oa. Ukisogea karibu utakuta maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, tena Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza. Yanawataja askari wenyeji, kisha wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamalizia kwa ahadi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, wako askari watatu wa shaba wenye maneno hayohayo. Ahadi ya kukumbukwa jina imechongwa juu ya jiwe lisilo na jina! Kila nikipita pale nasimama kidogo, na bado sijaizoea.

Wapagazi hao walikuwa nani? Vita ya 1914 hadi 1918 huku kwetu haikuwa ya reli na magari. Ng'ombe, punda na farasi waliuawa na mbung'o, basi risasi na unga vikabebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha watu karibu milioni moja katika miaka hiyo, na mwaka 1917 wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikakifanya Kariakoo. Soko la Dar es Salaam lina jina la kambi yao, na Kariokor ya Nairobi ni vivyo hivyo. Hesabu rasmi za vifo vyao zinapita 90,000, na wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva tumboni.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1921 Uingereza askari walioachishwa kazi, waliokuwa wamegawanyika katika vyama vinne, waliungana na kuunda British Legion. Mwaka huohuo, mjini Cape Town, ukazaliwa umoja wa vyama vya namna hiyo kwa himaya nzima, British Empire Service League, na Jenerali Haig, aliyekuwa ameongoza majeshi ya Uingereza kule Ufaransa, alikuwa mbele katika yote mawili. Vyama hivi vilidai pensheni na kusaidia wajane, na vilipeleka watu makaburini kila Novemba. Tume ya makaburi ya vita ya himaya hiyo ilikuwa imeundwa tayari mwaka 1917, na kanuni yake ilisifiwa sana: kila aliyekufa apate jina lake juu ya jiwe, bila kujali cheo, rangi wala dini.

Mpagazi hakuwa na chama. Alirudi kijijini, kama alirudi, bila pensheni. Mishahara ya waliokufa ambayo haikuchukuliwa na ndugu zao ilibishaniwa miaka mingi kati ya serikali za makoloni na London. Makaburi ya wapagazi nayo yaliachwa yamezwe na pori, na huo ulikuwa uamuzi uliopitishwa ofisini. Waliofanya hivyo walijitetea kwamba Mwafrika haelewi maana ya jiwe la kaburi. Hakuna aliyesimama kuwabishia, kwa sababu katika vikao vile kiti cha wapagazi hakikuwapo. Na hawa walikuwa watu wa kulipwa mshahara, na mtu hulipwa baada ya kuandikwa; yaani majina yao yaliwahi kuwamo madaftarini.

Hapa naingiza kisa kinachopendwa na wanahistoria wa vita ile. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai, wa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika vita ile, wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Mlipaji akabuni mtihani: kila mzee alikabidhiwa ufagio badala ya bunduki, akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wote wakafaulu. Wasimulizi hucheka wakifika hapo, nami hucheka, kisha namfikiria mpagazi. Yeye angeonyesha nini kwa ufagio? Kubeba mzigo hakuna gwaride.

Vita ya Pili ilikuwa tofauti kidogo. Wa Afrika Mashariki waliokwenda Burma walikuwa askari wenye namba na vitabu vya mishahara. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana makaburi, lakini majina yao yamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Kizazi hicho ndicho kilichokuwa na vyama huku kwetu. Tanzania Legion and Clubs, chama cha askari wastaafu wa hapa, kwa mfano, imo katika umoja ule wa 1921, ambao leo unabeba jina la Jumuiya ya Madola. Siku ya Mashujaa, Rais akishaweka mkuki na ngao, na Mkuu wa Majeshi sime, huja zamu ya mpiganaji wa zamani kuweka shoka. Mnaotazama kwenye runinga, msibadili chaneli kabla ya shoka.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ilitoa ripoti ya kujichunguza. Ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tangu hapo tumerudi kwenye madaftari, na kazi ni ya jasho: mpagazi mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu, kabila likawekwa mahali pa jina la baba, kijiji kikaitwa kwa jina la jumbe aliyekufa zamani.

Lakini inawezekana. Januari 2025 ulifunguliwa ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa jeshi la Afrika Kusini waliofia barani humu katika vita ileile. Nguzo zake ni za mti, moja kwa kila mtu, na zinapita 1,700. Kila nguzo ina jina. Umejengwa Cape Town.