Upepo wa AC Hautoki kwenye Gesi: dhana potofu kuhusu bloa ya gari la zamani

"Fundi, AC haitoi upepo, naomba unijazie gesi." Sentensi hii naisikia karibu kila siku joto la Dar es Salaam linapopanda kati ya Desemba na Machi, na kila ninapoisikia najua kwamba mwenye gari yuko tayari kulipia kitu ambacho gari lake huenda halikihitaji. Gesi haisukumi upepo. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikisukumwa na kompresa, na kazi yake ni kuchukua joto kutoka kwenye hewa ya ndani ya gari na kwenda kulitua kwenye kondensa, mbele ya rejeta. Upepo unaokupiga usoni unatokana na bloa, ambayo ni mota ya umeme yenye feni ya duara, na katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia imefichwa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Gesi inaweza kuisha yote na bloa ikaendelea kuvuma kwa nguvu zake zote: utapata hewa ya joto, lakini hewa itakuwepo.

Kwa hiyo, kabla hujataja gesi, jiulize: upepo upo ila hauna ubaridi, au upepo wenyewe haupo? Haya ni maradhi mawili tofauti.

Hivi karibuni nilipokea gari dogo la miaka ya 1990 kutoka Tabata, ambalo mwenyewe alikuwa ameshajaziwa gesi mara tatu katika msimu mmoja. Swichi ikiwa namba 1, 2 na 3 bloa ilikuwa kimya. Ikifika namba 4 ilivuma kama mpya. Dalili hiyo peke yake ilitosha kumwelekeza fundi yeyote kwenye resista, kipande kinachopunguza umeme ili bloa izunguke polepole, kwa sababu mwendo wa chini hupitisha umeme ndani ya resista ilhali mwendo wa juu kabisa huikwepa. Nilifungua skrubu mbili, nikaichomoa: fyuzi yake ya joto ilikuwa imekatika, soketi imegeuka rangi ya kahawia, na pini moja imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Kumbe gesi iliyoongezwa juu ya gesi ilikuwa imepandisha presha na kuitesa kompresa bure, wakati kiasi kinachotakiwa huandikwa kwa gramu kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti ya magari mengi.

Kubadilisha resista pekee nako hakutoshi. Resista imewekwa kwenye njia ya upepo makusudi ili ipozwe na upepo huohuo. Filta, yaani chujio la hewa inayoingia ndani ya gari, ikiziba, au mota ikiwa nzito na kuvuta umeme mwingi kuliko kawaida, resista mpya itaungua kama ile ya kwanza. Ndiyo maana sifungi resista kabla ya kupima ampea za mota, na siirudishi kwenye soketi iliyoungua hata mteja akiniambia ana haraka.

Bloa isipozunguka kwa mwendo wowote, nenda kwa mpangilio: fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), kisha umeme kwenye soketi ya mota. Hapa mafundi wengi hukosea. Katika magari mengi ya zamani ya Kijapani, swichi na resista vinadhibiti upande wa hasi, kwa hiyo waya wa chanya utaonyesha volti 12 wakati wote swichi ya gari ikiwa imewashwa, hata kama upande wa pili umekatika. Fundi akigusisha mita kati ya chanya na bodi, atasema umeme unafika na mota imekufa, kisha atakutuma Gerezani kununua bloa ya mtumba. Pima kati ya waya zote mbili za mota, huku swichi ya feni ikiwa juu kabisa. Mota nzima itazunguka pia ukiipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa waya wenye fyuzi.

Kuna hali moja tu ambayo gesi hugusa upepo. Gesi ikipungua, au filta ikiziba, maji yaliyo juu ya evaporeta, kifaa kinachopoza hewa ndani ya dashibodi, yanaweza kuganda na kuwa barafu inayoziba njia ya hewa. Utaijua kwa sababu upepo huanza vizuri, hufifia ukiwa tayari umekaa muda kwenye foleni, kisha hurudi ukizima AC kwa muda, huku mlio wa mota ukiendelea kusikika wakati wote. Hata hapo, presha hupimwa kwanza, haikisiwi.

Kuna na dhana nyingine potofu ninazozisikia gereji. "Fyuzi ikiungua, weka kubwa zaidi." Hapana kabisa. Ukiweka ya ampea 40 mahali pa 30, au waya mtupu, kitakachoungua safari ijayo ni waya za ndani ya dashibodi.

"Nikigonga dashibodi bloa inazunguka, basi ni nzima." Mara nyingi kaboni za mota, zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha. Badilisha kabla haijazima kabisa.

"Dar hatutumii hita, kwa hiyo bloa ya hita haituhusu." Bloa ya hita ndiyo bloa ya AC, na ndiyo hiyohiyo inayokusafishia kioo cha mbele kinapojaa ukungu wakati wa masika.

"Filta hupunguza upepo, itoe." Filta chafu ndiyo inayopunguza. Ukiiondoa, vumbi huganda kwenye mapezi yenye unyevu ya evaporeta, na kuisafisha kunaweza kukulazimu kubomoa dashibodi. Mimi huwaomba wateja wangu waikague kila masika yakiisha.

"Bloa inapiga kelele, imekufa." Wanaoegesha chini ya mwarobaini wasinunue chochote kwanza. Majani huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na kuangukia ndani ya feni. Fungua skrubu tatu zinazoshika mota, ishushe taratibu, uyatoe kwa mkono, kisha uizungushe feni kwa kidole usikilize kama bado inakwaruza.