Kete Inayokimbia Bila Kufa

Wanaoanza kucheza michezo ya vita ya ubaoni, hasa ile ya seksheni za askari wa miguu, mara nyingi huniuliza inakuwaje bunduki ya rashasha imiminie risasi adui aliye mita 80 tu, dadu zirushwe, na asife hata mmoja. Wao huona kanuni hiyo ina kasoro. Kwangu mimi, hapo ndipo ubao unapoukaribia uwanja wa vita.

Tuchukue Squad Leader, mchezo uliobuniwa na John Hill na kutolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1977, ambao kila pembesita ya ubao wake ni mita 40 na kila zamu ni kama dakika mbili. Kete ya seksheni ya Kijerumani huandikwa 4-6-7: nguvu ya risasi, umbali kwa pembesita, na ari. Ikishambuliwa, mara nyingi jedwali la matokeo ya risasi halitoi kifo bali agizo la kupima ari. Jumla ya dadu mbili ikizidi 7, kete hugeuzwa, askari hukimbilia maficho, nao hawafyatui tena mpaka kiongozi awarudishie moyo. Ni sahihi, kwa kuwa kazi kubwa ya risasi ni kumlaza adui chini asiweze kulenga wala kusogea.

Hesabu yake nayo ina busara. Uwezekano wa kupata 7 au pungufu ni 21 kati ya 36. Kiongozi akipunguza pointi moja tu kwenye jumla ya dadu, unakuwa 26 kati ya 36. Pointi hiyohiyo ingemwongezea mwenye ari ya 11 nafasi moja tu kati ya 36. Kwa hiyo kiongozi humfaa zaidi askari anayeyumba kuliko shujaa, na hilo linatokea bila kanuni ya ziada. (Toleo la Advanced Squad Leader la mwaka 1985 liliongeza kanuni tele, sioni kama hofu yenyewe ilieleweka zaidi.)

Kasoro ninayoiona mimi iko kwenye jicho la mchezaji. Analitazama eneo lote kutoka juu, na papo hapo anajua ni kete ipi imevunjika moyo, ilhali kamanda halisi akiona nyumba imenyamaza hawezi kujua kama waliomo wamekufa, wamekimbia au wanamvizia. Combat Commander: Europe ya Chad Jensen, iliyotoka mwaka 2006, ni mchezo unaopunguza uwezo wa mchezaji kwa upande mwingine, ule wa kuamuru: usipokuwa na kadi ya amri unayoihitaji, watu wako hawaendi. Wachezaji huchukia, na nadhani maluteni wengi wangeitambua hasira hiyo.

Mezani kwangu nimejaribu kumwachia anayejihami arushe dadu za ari nyuma ya kizuizi na kuficha matokeo yake. Mara ya kwanza tu, mshambuliaji alipoteza zamu mbili akiipiga risasi nyumba ambayo wenyewe walikwisha kuihama.