Kompyuta Inayokatika Ghafla: Acheni Kupiga Windows

Si virusi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalorudi kila wiki: kompyuta ya nyumbani inakatika katikati ya kazi, skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza, na ushauri wa kwanza anaopewa mwenye nayo ni kupiga Windows upya. Anapiga. Inakatika tena. Anaambiwa Windows aliyotumia ilikuwa mbovu, atafute nyingine. Mafaili yameshapotea na kompyuta bado inakatika.

Tuwe wa haki, imani hii haikutoka hewani. Agosti 2003 kilienea kirusi cha Blaster, na mwaka uliofuata kikaja Sasser. Kwenye Windows XP vilikuwa vinaangusha huduma ya ndani ya mfumo, kinatokea kidirisha kinachohesabu sekunde 60, halafu mashine inajiwasha upya. Lakini tazama vizuri: kulikuwa na kidirisha, na kulikuwa na hesabu. Windows ndiyo iliyokuwa ikizima, tena kwa kuaga. Programu yoyote ya kawaida ikitaka kuzima kompyuta, iwe ya heri au ya shari, huiomba Windows, nayo hufunga mafaili, huandika kwenye kumbukumbu zake, ndipo inazima. Kompyuta iliyokatika kama taa haikuombwa na programu. Imenyimwa umeme, au imejikatia yenyewe kujiokoa.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tazama inavyokufa. Ukiona maandishi ya kufunga kazi kisha ikazima, Windows ina kesi ya kujibu: fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), ingia Windows Logs, kisha System, tafuta tukio namba 1074. Litakutajia programu iliyotoa amri. Ikijiwasha upya yenyewe, huenda ni skrini ya bluu inayopita haraka usiione. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, halafu Settings chini ya Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye Automatically restart. Sasa skrini ya bluu itakaa na utasoma kosa lake. Ikiganda lakini feni zinaendelea, hilo ni somo jingine. Ikikatika kabisa na kubaki kimya, endelea kusoma.

Na uangalie jambo moja ambalo karibu kila mtu hulipuuza: baada ya kukatika, swichi inaitikia hapo hapo, au haiwaki mpaka uchomoe waya wa umeme, usubiri kidogo, uurudishe? Ikiwa ya pili, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Ulinzi wake umeruka na umejifunga, na hauachii mpaka umeme ukatwe. Hapo ama pawa saplai yenyewe ni mbovu, au kuna kitu ndani kinachovuta kupita kiasi au kupiga shoti.

Sasa tuje kwenye namba 41, maana hapa ndipo subira yangu huishia. Mtu anafungua Event Viewer, anakuta alama nyekundu, Kernel-Power 41, na anadhani amepata jina la ugonjwa. Anatafuta namna ya "kurekebisha 41", anapakua madereva, anazima Fast Startup, anahariri rejista. Kernel-Power 41 si ugonjwa. Ni cheti cha kifo ambacho nafasi ya sababu imeachwa wazi. Windows huandika tukio hilo baada ya kuwaka tena, ikigundua kuwa mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya ukutani kwa makusudi utalipata. Saa iliyoandikwa hapo ni ya kuwaka, si ya kufa; ukitaka saa ya kifo tafuta tukio namba 6008.

Lakini usilitupe. Fungua Details ndani ya hilo 41 usome mistari miwili. BugcheckCode ikiwa 0, hakuna skrini ya bluu iliyoandikwa, kwa hiyo elekea kwenye umeme. Ikiwa namba nyingine, Windows ilianguka yenyewe, na namba hiyo imeandikwa kwa desimali: 292 ndiyo 0x124, yaani vifaa vyenyewe vimeripoti kosa, 278 ndiyo 0x116, na hapo anza na kadi ya grafiki na dereva wake. Wengi huitafuta 292 kama ilivyo, hawapati kitu, wanakata tamaa. Mstari wa pili ni PowerButtonTimestamp: ikiwa si 0, mfumo umeona swichi ya kuwashia ikishikiliwa. Kama hakuna aliyeigusa, umeshapata pa kuanzia.

Nakiri kwamba hiyo 0 si ushahidi kamili. Mashine inaweza kuanguka vibaya kiasi kwamba Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote, nayo huacha 0 ile ile. Ndiyo maana natazama pia matukio ya WHEA-Logger, yaani ripoti za makosa ya vifaa, yaliyo karibu na hilo 41. Namba 18 au 19 zikijirudia, acha kabisa kufikiria programu.

Kama bado unabishana na mtu wa virusi, kuna kipimo cha kumaliza ubishi. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows) na uiache kompyuta hapo kwa saa moja au mbili. Ikikatika ikiwa BIOS, Windows haikuwepo hata kwenye eneo la tukio. Isipokatika hujathibitisha kitu, kwa sababu BIOS haiisumbui kadi ya grafiki. Basi washa kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi, uitumie kazi zako za kawaida. Ikikatika na huko, Windows haina kesi.

Umeme uanze nje ya boksi. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni na bila UPS, lile boksi la betri ya akiba. Ndiyo, bila UPS! Betri yake ya risasi na asidi hudumu takriban miaka 3 hadi 5; ikichoka, UPS inawasha taa ya kijani vizuri tu, halafu inaangusha kila kitu siku inapojipima yenyewe au voltezi inapoyumba kidogo. Mwenye UPS ndiye wa mwisho kuishuku.

Kisha pawa saplai, na hapa nina ugomvi na mita. Mtu anapima waya wa njano, ule wa volti 12, anasoma volti 12.1, anatangaza kuwa pawa saplai ni nzima. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta, kinaruhusu takriban 11.4 hadi 12.6, kwa hiyo 12.1 ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba mita ya kawaida inakuonyesha wastani. Voltezi ikianguka kwa milisekunde chache wakati kadi ya grafiki inaruka kutoka kupumzika hadi kazi nzito, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) itaona, mita haitaona. Mita inaweza kuitia hatiani pawa saplai. Haiwezi kuiachia huru. Kile kipimo cha kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi yake kwa kipande cha waya ndiyo kabisa: feni ikizunguka umejua kuwa inawaka, jambo ambalo ulishalijua.

Soma lebo yake. Usisome namba kubwa ya kuuzia, soma safu ya volti 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 lakini safu hiyo ni ampea 25 inakupa wati 300 pale prosesa na kadi ya grafiki zinapolishwa. Ongeza kadi mpya juu ya hapo na utashangaa kwa nini inakatika kwenye michezo tu. Na usiifungue: kapasita yake kubwa inaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya.

Kuna kesi ya kinyume inayowachanganya hata mafundi: kompyuta inacheza michezo kwa saa nne bila shida, inakatika ikiwa imeachwa tu. Tangu prosesa za Haswell za mwaka 2013, prosesa ikipumzika inaweza kuvuta umeme mdogo sana, na baadhi ya pawa saplai za zamani hushindwa kubaki imara kwa mzigo mdogo hivyo. Kwenye BIOS za AMD tafuta Power Supply Idle Control, weka Typical Current Idle. Kwenye Intel zima C6 na C7, yaani hali za usingizi mzito za prosesa. Ikitulia, umejua shida ni huo mzigo mdogo. Sipendi kuliacha hivyo kama tiba, ila kama kipimo ni cha bure.

Joto nalo husingiziwa kuliko linavyostahili. Prosesa za kisasa hazikatiki kwenye digrii 70. Zikikaribia 95 au 100, kutegemea aina, kwanza hupunguza mwendo. Kuzima ni hatua ya mwisho kabisa. Kwa hiyo kompyuta inayokufa kwa joto la prosesa kwa kawaida huwa nzito kwanza, feni zikipiga kelele. Washa HWiNFO, programu ya kupima joto na voltezi, iandike vipimo kwenye faili, na baada ya kukatika soma mstari wa mwisho. Ukikuta digrii 62, acha kununua feni. Ukikuta 99, tazama pini nne za plastiki za hitisinki ya Intel, chuma kinachopoza prosesa; moja ikichomoka, upande mmoja unainuka na pesti ya kupitisha joto haigusi tena. Pesti mpya ni tone la ukubwa wa punje ya njegere, si zaidi. Ukipuliza vumbi, shikilia feni isizunguke.

Swichi ya mbele: chomoa plagi ya POWER SW kwenye mazabodi, gusanisha pini zake mbili kwa bisibisi ili iwake, kisha itumie hivyo siku kadhaa. Swichi iliyonasa kwa sekunde kama 4 inazima kompyuta nzima bila kuuliza.

RAM mbovu kwa kawaida huleta skrini ya bluu au kujiwasha upya, mara chache kukatika. Ipime kwa programu ya Memtest86+ usiku kucha, kisha kipande kimoja kimoja. Betri ya CR2032 inatunza saa na mipangilio, iacheni.

Kwa laptopu, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ulinganishe uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Ikikatika ikionyesha bado asilimia 30, ni betri. Kama inatoka, iondoe utumie chaja pekee.

Mwisho wa yote utabadilisha pawa saplai, na hapo kuna jambo ambalo hatulisemi sana. Ukiifunga mpya na kompyuta ikatulia, bado hujui kwa hakika kuwa ya zamani ilikuwa mbovu, kwa sababu katika kubadilisha umechomoa na kurudisha kila plagi. Ukiwa na muda, irudishe ya zamani pamoja na nyaya zake yenyewe (usichanganye nyaya za pawa saplai mbili hata kama plagi zinaingia, mpangilio wa pini unaweza kutofautiana na ukaunguza diski). Ikitulia pia, chunguza plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa. Plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka waya wa njano, au pini iliyorudi nyuma kidogo kuliko wenzake, ndiyo iliyokuwa ikikukatia umeme.