Je, wajua kwa nini aliyepasuliwa moyo huogopa zaidi akisharudi nyumbani?

Shangazi yangu alibadilishiwa vali ya moyo, yaani kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, katika hospitali moja hapa Nairobi. Wodini alikaa siku kumi bila kulalamika. Hofu ilimngoja nyumbani, Umoja. Usiku wa kwanza, matatu za mwisho zikiwa zimeshapita, alisikia sauti kifuani mwake: tik, tik, tik, kama saa iliyofunikwa na mto. Akaniamsha saa nane. "Mwanangu, hii kitu imelegea."

Haikuwa imelegea. Vali bandia ya aina yake hutengenezwa kwa kaboni ngumu na ina vibawa viwili vidogo ambavyo hugonga vinapojifunga. Mlio ule ndio kazi yenyewe. Ukififia au ukipotea ghafla, hapo ndipo pa kukimbilia hospitali, maana huenda damu imeganda kwenye vali. Iliniuma kwamba hakuna aliyemweleza jambo hilo kabla hajaruhusiwa kutoka.

Wodini kuna mashine inayoonyesha mapigo na muuguzi anayepita. Nyumbani, ulinzi wote humwangukia mgonjwa mwenyewe. Moyo ambao maisha yake yote hakuusikia, sasa anausikiliza kila dakika. Akishtuka, mwili humwaga adrenalini, ile homoni ya mshtuko, moyo huenda mbio, pumzi hukatika, jasho humtoka. Tazama: hizo ndizo dalili alizoambiwa aziogope! Anaamini ugonjwa umerudi, anazidi kushtuka, na moyo unazidi kwenda mbio.

Tena mwili wenyewe humpa sababu nyingi. Mara nyingi mfupa wa kidari hukatwa kwa urefu wake, kisha huungwa kwa waya za chuma, na huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana. Kwa hiyo kikohozi huuma, chafya huuma, na matatu ikiruka tuta barabarani ndiyo usiseme. Shangazi alikuwa anakumbatia mto mdogo kifuani safari nzima ya kliniki. Aliyetolewa mshipa mguuni ili kupitishia damu moyoni huona mguu umevimba. Wengine hupata ndoto mbaya, hulia bila sababu, husahau. Na kati ya asilimia 20 na 40 ya wanaopasuliwa moyo hupata mapigo yanayopapatika ovyo, hasa siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo hutibiwa, na kwa wengi huisha.

Wageni wa kutoa pole nao huja na habari za fulani aliyepasuliwa akakaa miezi miwili tu. Nawasihi, habari hizo ziacheni mlangoni.

Sisemi kila hofu ipuuzwe. Kidonda kinachotoa usaha, homa ya nyuzi 38, mfupa wa kidari unaogonga ukijigeuza, kushindwa kupumua ukilala chali, kuzimia, mdomo kupinda: usisubiri kuche. Hata uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa wiki moja, huenda ni maji yanayojaa mwilini. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aogope pia choo cheusi na damu ya pua isiyokoma. Na ambaye vali yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, kama vijana wengi wa hapa Kenya, asikose sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 aliyoandikiwa, kwa sababu homa hiyo inaweza kurudi kweli.

Kilichomsaidia shangazi ni daftari la shule la kurasa 32. Kila asubuhi kabla ya chai tuliandika uzito, joto la mwili na hali ya kidonda. Usiku akishtuka, hakuniuliza tena kama anakufa. Alisema, "Hebu lete daftari." Nikamsomea ya jana na ya juzi, kilo 61, kilo 61, akavuta blanketi.