Vyombo saba ndani ya sanduku: kazi ya mpiga midundo wa muziki mpya

Mwaka 1991 mtunzi Mwingereza Brian Ferneyhough alimwandikia Steven Schick, mpiga midundo wa Marekani (yaani mpigaji wa ngoma na ala nyingine za kugongwa), kipande kiitwacho Bone Alphabet. Schick alikuwa ameomba jambo moja: ala ziwe chache na ndogo, aweze kusafiri nazo kwenye mizigo yake. Ferneyhough akaandika kwa ala saba. Hakusema ni zipi. Alisema tu kwamba milio yote ianze na kukatika kwa namna inayokaribiana, na kwamba ala mbili zinazofuatana kwa kimo cha sauti zisiwe za jamii moja. Mti usifuatwe na mti, wala ngozi isifuatwe na ngozi. Baada ya hapo akampa mikono miwili kazi ya kubeba hadi mistari minne ya midundo kwa wakati mmoja.

Ombi lile la mizigo ndilo naliona kuwa somo la kwanza kwa yeyote anayetaka kula kwa kazi hii. Mpiga fidla ananunua fidla moja, na vipande vya miaka mia tatu vinamngoja. Kwetu wapiga midundo hazina ya vipande ni changa. Ionisation ya Edgard Varèse, kipande cha wapigaji 13, ilisikika kwa mara ya kwanza New York tarehe 6 Machi 1933, na vipande vikubwa vya mpigaji mmoja vilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo unajenga kazi yako kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: kuwaagiza watunzi vipande, na kuchagua ala. Anayejua kupiga tu bila kujua kuchagua huishia kukodiwa kwa siku.

Angalia waliotangulia. Zyklus ya Karlheinz Stockhausen ilipigwa kwanza na Christoph Caskel huko Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1959. Kurasa zake 16 zimefungwa kwa waya wa mzunguko. Unaanzia ukurasa wowote, hata ukitaka kuzigeuza juu chini, huku umesimama katikati ya duara la ala na kuzunguka kadiri unavyopiga. Mwaka 1964 Morton Feldman alimwandikia Max Neuhaus The King of Denmark, na humo fimbo zimepigwa marufuku: unatumia vidole, viganja na mikono peke yake, kwa sauti ya chini kabisa. Ukiingia na matoazi mazito yasiyoamka kwa ncha ya kidole, kipande kimekufa kabla hujaanza. Neuhaus mwenyewe aliacha majukwaa mwaka 1968 akaenda kutengeneza kazi za sauti kwenye maeneo ya umma. Kazi hii ina milango ya namna hiyo pia.

Sasa tuisogelee Psappha ya Iannis Xenakis, ya mwaka 1975, iliyoandikwa kwa ajili ya Sylvio Gualda. Humo hukuti nota za kawaida, bali nukta juu ya gridi. Makundi ni sita, A hadi F. A, B na C ni ya mti au ngozi, na D, E na F ni ya chuma. Jumla ni ala 16, na uchaguzi ni wako. Wengi hukosea kwa kuanza na chuma kwa sababu kinavutia. Anza na ngozi ya chini kabisa, ile ambayo ukumbi mzima utaisikia tumboni, kisha panda. Kila kundi lenye ala tatu liwe na ngazi tatu zinazotofautishwa na mtu aliyekaa safu ya mwisho, si wewe uliyeinamia ngoma. Namna ya kupima: mwombe mtu akae nyuma kabisa amekupa mgongo, upige mbili mbili bila mpangilio, naye aseme ipi ya juu. Akikosea mara mbili kwa jozi moja, badili ala moja ya jozi hiyo. Kukaza ngozi zaidi hakusaidii sana kama ngoma mbili zina upana uleule.

Chuma kina shida yake. Kipande kirefu cha bomba hulia muda mrefu mno na kufunika mapigo yanayofuata. Kipande kinene cha bapa, kikilazwa juu ya kamba mbili zilizokazwa, kinatoa mlio mkali unaokatika upesi. Kamba zikae takribani robo ya urefu kutoka kila ncha. Zikiwa katikati, au chuma kikilala juu ya meza, mlio unazimwa na unabaki na kishindo kitupu. Hali ni hiyohiyo kwa drumu za breki za magari, ambazo mtunzi John Cage aliziingiza kwenye kipande chake First Construction mwaka 1939: zigeuze mdomo chini juu ya sponji, au zitundike kwa kamba kupitia matundu ya boliti. Nenda gereji na nyundo ndogo ya mpira, ugonge kabla ya kulipa. Zile nzito za chuma cha kusubu ndizo zinazoimba.

Na vyungu je? To the Earth ya Frederic Rzewski, ya mwaka 1985, inataka vyungu vinne vya maua, na mpigaji anasema maneno ya utenzi wa kale wa Kigiriki kwa Mama Dunia huku akigonga. Wasomaji wa kwetu wana faida hapa, kwa maana yeyote aliyewahi kununua mtungi sokoni anajua kuugonga kwa kifundo cha kidole asikilize kama una ufa. Fanya vivyo hivyo. Uwe udongo uliochomwa, usio na rangi wala nakshi ya kung'aa. Gonga vyungu ishirini ili upate vinne vinavyopandana vizuri, kisha ununue vinane, kwa sababu vitavunjika. Viweke vifudifudi juu ya taulo iliyokunjwa na ugonge karibu na ukingo kwa kijiti chepesi. Chungu kilichopata unyevu kinatoa sauti butu. Kianike siku kadhaa kabla ya onyesho. Makopo ya Third Construction (Cage, 1941, makopo 20, matano kwa kila mpigaji) yana ugonjwa mwingine: kila kovu la fimbo linabadilisha sauti, hivyo weka seti moja ya mazoezi na nyingine ya jukwaani.

Mpangilio wa jukwaa unaamua kama mkono utafika kwa wakati. Nyuso zote zinazogongwa ziwe karibu kimo kimoja, na ala inayotumika sana iwe pale kiwiko kinapokaa chenyewe, hata kama si ya kupendeza kuitazama. Upatu mkubwa uende pembeni au nyuma, kwa sababu huamshwa kwa kupapaswa taratibu kabla ya kupigwa, na hiyo inahitaji nafasi. Miguu ya stendi hugombana kuliko unavyodhani: zungusha kila stendi mpaka mguu mmoja uelekee kwako na miwili itoke nje. Ukimaliza, bandika utepe wa rangi sakafuni kwenye kila mguu, piga picha kutoka juu, na chora ramani yenye vipimo. Ukumbi ukikupa dakika thelathini za kupanga, ramani hiyo ndiyo itakuokoa. Fimbo nazo zipange mezani kwa utaratibu wa kipande, juu ya taulo ili zisilie. Pasipo na nafasi ya kubadilisha, shika fimbo yenye ncha ya mbao upande mmoja na sufi upande wa pili, uigeuze mkononi.

Usafiri ndio unaowarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. Tiketi nyingi za kawaida za ndege huruhusu begi la kilo 23. Marimba ya oktava tano ina urefu unaozidi mita 2.5 na haibebeki hivyo, kwa hiyo unaikodi kule unakokwenda, na lazima uulize mapema upana wa mbao zake, kwa kuwa mkono uliozoea marimba moja hukosa nota kwenye nyingine. Kuna jambo la sheria pia. Mbao bora za marimba hutoka kwenye mti wa Dalbergia stevensonii, ndugu wa mpingo wetu. Tangu Januari 2017 jenasi hiyo karibu yote imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zililegezewa masharti, lakini mbao ghafi bado zinahitaji kibali.

Nafasi za mshahara ni chache mno. Ensemble intercontemporain, kundi la Paris la muziki mpya lililoanzishwa na mtunzi Pierre Boulez mwaka 1976, ina wapigaji 31 wa ala zote kwa jumla. Ensemble Modern ya Ujerumani (1980) na Klangforum Wien ya Austria (1985) ni wanamuziki wachache vilevile. Njia nyingine ni kuanzisha kundi lenu, kama walivyofanya vijana sita wa Les Percussions de Strasbourg mwaka 1962, wakaandikiwa mamia ya vipande, kikiwemo Persephassa cha Xenakis cha 1969 ambacho wapigaji sita huwazingira wasikilizaji. Wengi hutegemea ualimu. Schick alianza kufundisha Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 1991. Mimi nashauri usione haya kufundisha. Ndipo unapopata chumba cha mazoezi na stoo, na bila stoo huna ala.

Kwenye mkataba wa onyesho, tenga mistari mitatu: ada ya kupiga, gari, na kukodi ala. Ukikubali kiasi kimoja cha jumla, gari litakula ada yako. Masikio nayo yalindwe tangu mwaka wa kwanza kwa vizibo vilivyotengenezwa kwa umbo la sikio lako, maana sauti ya desibeli 85 kwa saa nane tayari ni kiwango cha hatari, na snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini yake) iliyo karibu na uso inapita hapo mbali.

Ukimwagiza mtunzi kipande, iandikwe idadi ya juu ya ala, uzito wa jumla, dakika, nusu ya malipo siku ya kusaini na nusu siku ya kukabidhiwa nota, pamoja na muda wa wewe peke yako kukipiga. Mwaka mmoja unatosha. Pesa zikipungua, tafuta wapigaji wengine wanne watano mchange, kila mmoja apate onyesho la kwanza katika nchi yake. Halafu, kabla mtunzi hajaandika nota hata moja, mtumie rekodi ya kila ala unayomiliki ikigongwa mara tatu, kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, mpaka mlio uishe wenyewe, pamoja na picha ya kila moja ikiwa kando ya rula.