Njaa iliyofichika: kwa nini huwapata vijana wanaolelewa katika vituo vya yatima

Mtu anaweza kushiba na bado akawa na njaa. Wataalamu wa lishe huiita hali hiyo njaa iliyofichika: tumbo limejaa, lakini mwili haupati vitamini na madini ya kutosha. Njaa tuliyoizoea hujitangaza, tumbo likaunguruma na mtoto akalia. Hii nyingine iko kimya. Kijana anakula mara tatu kwa siku, anacheza, anakwenda shule, ila anachoka upesi, anasinzia darasani, na kidonda chake kinachelewa kupona. Mara nyingi huambiwa ni mvivu.

Vijana ndio hupata taabu zaidi kwa sababu ya umri wenyewe. Kati ya miaka 10 na 19, ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa ujana balehe, mifupa hurefuka na kukaza, damu huongezeka, na wasichana huanza kupata hedhi. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahitaji miligramu 8 za madini ya chuma kwa siku. Akifika miaka 14, mvulana anahitaji 11 na msichana 15. Kalsiamu ni miligramu 1,300, wakati mtu wa miaka 30 anatosheka na 1,000. Kwa hiyo binti aliyeshika sahani anahitaji kalsiamu nyingi kuliko mlezi anayempakulia.

Sasa fikiria jikoni pa kituo. Sufuria ni moja, upawa ni mmoja, na watoto ni wa miaka minne hadi kumi na saba. Chakula kinachopikwa ni kile kinachojaza wengi kwa fedha kidogo, yaani wanga. Misaada nayo huja kwa mtindo wake: unga, sukari, mafuta ya kupikia, biskuti. Ni vitu visivyooza na hubebeka kwa urahisi, na simlaumu anayevileta. Lakini stoo inaweza kujaa hadi dari bila kuwa na yai hata moja. Mtoto anayeishi na ndugu zake akikosa tunda nyumbani, huenda shangazi akampa. Kituoni hakuna mlango wa pili. Alichopanga mpishi na mhasibu ndicho watakachokula wote, mwezi baada ya mwezi.

Upungufu wa kawaida zaidi ni wa madini ya chuma, ambao huleta upungufu wa damu. Kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea asiye mjamzito, himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyo chini ya gramu 120 kwa lita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Vitamini A ikipungua sana, macho hushindwa kuona gizani. Madini joto yakikosekana, tezi ya shingo huvimba. Unene nao si ushahidi wa lishe bora: kijana aliyenenepa kwa wanga na sukari anaweza kuwa na upungufu wa damu sawasawa na aliyekonda.

Namna rahisi ya kukagua mlo ni kuhesabu makundi. Kuna kipimo kilichotungwa kwa ajili ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, chenye makundi 10: nafaka na mizizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani za kijani kibichi, mboga na matunda mengine yenye vitamini A kwa wingi, mboga nyinginezo, na matunda mengineyo. Aliyekula angalau makundi 5 kwa siku ana nafasi nzuri zaidi ya kupata virutubisho vya kutosha. Sukari na mafuta hayamo kabisa kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo stoo iliyojaa huumbuka.

Si kila marekebisho yanataka fedha. Chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, na hufyonzwa vibaya chai ikinywewa papo hapo na mlo. Kusogeza chai mbele kwa saa moja au mbili hakugharimu kitu. Anayetaka kuchangia naye anaweza kupewa orodha: dengu, karanga, maziwa ya unga, mayai.

Kuna jambo moja lisiloonekana kwenye vipimo. Mtoto aliyewahi kulala njaa kabla ya kufika kituoni anaweza kula kwa pupa au kuficha mkate chini ya godoro. Huo si wizi. Kumwadhibu humthibitishia kwamba chakula kinaweza kukatika wakati wowote, ilhali mlo unaokuja saa ileile kila siku humtuliza taratibu. Wakubwa, wa miaka 15 na kuendelea, waingizwe jikoni na kwenye kupanga manunuzi, kwa sababu muda si mrefu watatoka kwenda kujipikia wenyewe, na wengi wao hawajawahi kuulizwa leo tupike nini.